Utupa ni dawa ya asili, lakini samaki wa mzee walikufa

Wasikilizaji wetu wa teritwari ya Kalehe, nanyi ndugu mliohamia kwetu kwa sababu ya vita au mafuriko, leo ninaandika juu ya jambo ambalo ningependa lisinihusu. Linanihusu.

Misimu kadhaa iliyopita, katika kipindi chetu cha wakulima, nilieleza hewani namna ya kutengeneza dawa ya wadudu kwa majani ya utupa. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya siku mbili, daftari likiwa bado mkononi. Nikasoma yote niliyoandika: namna ya kuponda majani, kuyaloweka, kuyachuja na kuyanyunyiza kwenye shu na lengalenga. Nikamaliza hivi: "Ni dawa ya asili, haigharimu hata faranga moja, na haina madhara."

Mambo mawili ya kwanza yalikuwa kweli.

Mama mmoja aliyetoka Masisi na watoto wanne alikuwa anasikiliza. Alikuwa amekodi kipande kidogo cha shamba kwenye mteremko, umbali mfupi kutoka ziwani. Funza walikuwa wanakula shu zake usiku na mchana. Akafanya kama redio ilivyosema. Pompi hana, kwa hiyo alinyunyiza kwa ufagio mdogo wa majani. Jioni akasuuza bidoni katika mfereji unaopita kando ya shamba, akamwaga na machicha humohumo. Mfereji ule unaingia katika bwawa la mzee mmoja anayefuga tilapia. Asubuhi samaki walikuwa juu ya maji, matumbo yakiangalia mbingu.

Kesi ilifika kwa chifu wa kijiji. Mzee alidai alipwe. Mama hakubisha kuhusu bidoni. Alisema tu: "Mzee, mimi si mchawi wa samaki wako. Redio ilisema ni dawa ya asili, haina madhara." Watu wakageuka wakaniangalia. Nilikuwa nimekuja kufanya repotaji, nikajikuta mimi ndiye habari yenyewe.

Chifu alipunguza deni, na nusu ya lile lililobaki nililipa mimi. Lakini samaki hawakurudi, na maneno yangu bado yanatembea. Mpaka leo ninakutana na watu wanaoniambia: "Bwana mwandishi, ile dawa yako ya utupa ni kali kweli." Ndiyo, ni kali. Ndiyo maana ninaandika.

Wazee wetu waliujua utupa kabla ya sisi kuzaliwa. Waliuponda na kuutia mtoni ili kulevya samaki na kuwakusanya kwa urahisi. Ndani ya majani yake mna sumu iitwayo rotenoni. Sumu hii inazuia chembe za mwili kutumia hewa. Samaki anaivuta kwa matamvua yake, na kiasi kidogo tu kinatosha kumwangusha. Kwenye jua inavunjika kwa muda wa siku chache, na ndiyo sababu watu wengi waliiona kuwa dawa njema kwa kilimo cha asili. Lakini ndani ya mfereji, usiku, samaki hawezi kusubiri jua.

Kwa miaka mingi wakulima wa kilimo cha asili huko Ulaya na Marekani waliitumia rotenoni bila wasiwasi, kwa sababu inatoka katika mmea. Kisha maswali yakaanza. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya waliotiwa rotenoni mwilini kwa muda mrefu walipata dalili zinazofanana na ugonjwa wa Parkinson, ule unaowatetemesha wazee mikono. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya ukaamua kuiondoa katika dawa zinazoruhusiwa mashambani. Panya wa maabara si mkulima wa Kalehe, na sumu yao iliingia kwa njia nyingine. Hata hivyo, wenye vifaa vya kupima wameacha dawa hii, na sisi tusio na glavu wala mask tunaendelea kuichanganya kwa mikono mitupu.

Tumbaku nayo ni hivyo hivyo. Wengi wanaloweka majani ya tumbaku na kunyunyiza mboga. Nikotini iliyomo ni sumu kali, na inaweza kupita kwenye ngozi. Anayeichanganya bila kinga anaweza kupata kizunguzungu, jasho na kutapika, halafu anasema ni malaria. Zaidi ya hayo, tumbaku inaweza kubeba ugonjwa wa virusi unaoshika nyanya na pilipili: majani yanakunjamana na kuwa na madoa ya kijani na manjano. Kwa hiyo unaweza kuua chawa wa nyanya leo, na wewe mwenyewe ukaileta mozaiki shambani mwako. Sheria za kilimo cha asili za Marekani zinakataza unga wa tumbaku kwa jina, ingawa ni mmea safi uliotoka udongoni.

Kuna wengine watasema: basi turudi kwenye pareto, si ilikuwa inalimwa hapahapa Kivu, kwenye milima yenye baridi, na kuuzwa nje ya nchi? Ni kweli ililimwa. Pareto inavunjika upesi juani, na sumu yake kwa mtu ni ndogo kuliko nikotini. Lakini nayo inaua samaki, na nyuki pia. Tukibadilisha bidoni ya utupa kwa bidoni ya pareto na kuisuuza katika mfereji uleule, mzee wa tilapia atalia tena. Na mwarobaini unaosifiwa kila mahali haupendi baridi ya milima yetu. Mafuta yake yanakuja katika chupa kutoka mbali, kwa bei ambayo mama wa watoto wanne hawezi.

Hata ile dawa ya buluu ya shaba na chokaa, ambayo wakulima wa nyanya wanaitumia dhidi ya ugonjwa wa kuoza majani, ina mipaka yake. Shaba haiozi. Kila unachonyunyiza kinabaki udongoni mwaka hata mwaka. Ndiyo maana Ulaya imeweka kikomo: kilo 28 za shaba kwa hekta kwa muda wa miaka 7, basi. Sisi hatuna anayepima.

Nikifika hapa ninaona jambo linaloniuma. Teritwari yetu inalima kahawa, na baadhi yake inauzwa nje ikiwa na alama ya kilimo cha asili. Kwa kahawa hiyo kuna wakaguzi, kuna madaftari, kuna orodha ya vitu vinavyokatazwa. Ni vizuri. Mnywaji wa kahawa aliye mbali analindwa. Lakini lengalenga inayouzwa sokoni Minova haina mkaguzi. Mtoto anayechota maji chini ya shamba la shu hana alama yoyote. Kama kitu kimeondolewa katika kahawa ya mgeni, kwa nini kibaki katika mboga ya mtoto wetu?

Kwa hiyo rai yangu ya kwanza ni hii: tuache kuuliza kama dawa ni ya asili au ni ya kiwandani. Swali hilo limetudanganya. Nyoka ni wa asili. Tuulize maswali matatu: maji ya kusuuza yanakwenda wapi? Anayechanganya ana nini mikononi? Na mboga hii italiwa lini? Dawa isiyoweza kujibu maswali haya isipite redioni, hata kama anayeileta ana diploma.

Sasa najua swali linalofuata, kwa sababu mmeniuliza mara nyingi: funza je? Tuwaache wale shu?

Hapana. Yule mama mwenyewe alinifundisha jibu. Baada ya kesi aliogopa bidoni kabisa. Akaanza kutembea shambani kila asubuhi kabla ya jua kuwa kali, akigeuza majani ya shu na kuponda mayai ya vipepeo kwa vidole, na kuwatia funza katika kopo la maji ya sabuni. Watoto walimsaidia kabla ya kwenda shule. Kwenye kipande kidogo kazi hii inamalizika haraka. Kwenye hekta haiwezekani, lakini nani kati ya wahami ana hekta?

Kwa chawa wa maharagi alitumia sabuni ya kipande iliyoyeyushwa, kijiko kimoja cha supu katika lita moja ya maji, akinyunyiza chini ya majani jioni. Sabuni inaua chawa aliyeguswa tu, kwa hiyo lazima urudie baada ya siku chache. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia nguo, inaunguza majani. Jaribu kwanza kwenye mimea miwili mitatu, uangalie kesho yake. Na maji ya sabuni nayo yasimwagwe mferejini.

Jivu la jikoni lililochujwa alilinyunyiza juu ya majani yenye umande. Wadudu wengi hawalipendi. Mvua ikinyesha linaondoka, unarudia. Likianguka chini linasaidia udongo wenye asidi kama wetu, ila lisizidi. Mboga ioshwe vizuri kabla ya kupikwa, basi.

Hakupanda tena shu juu ya shu. Mahali pa shu aliweka maharagi, kisha vitunguu, kisha lengalenga. Mdudu aliyezaliwa akitafuta shu alikuta kitunguu. Nyanya alizipanda mbalimbali, akazifunga kwenye miti ili hewa ipite, akaondoa majani ya chini yanayogusa udongo, na hakuziweka karibu na viazi vya kizungu, kwa sababu ugonjwa wa kuoza unazishika zote mbili. Hakuwa na shaba wala chokaa.

Na jambo lililofanya kazi kuliko yote halikuwa dawa. Ni udongo. Mnaijua ile tithonia, mmea wenye maua makubwa ya manjano unaojiotea kando ya barabara zetu, ambao wengi wanaukata na kuutupa. Majani yake mabichi ni chakula cha shamba. Alikuwa anayakata, anayafukia udongoni wiki mbili kabla ya kupanda, na mengine anayachanganya na mavi ya mbuzi na maganda ya ndizi kwenye shimo la fumbire. Msimu wa kwanza hakuona tofauti kubwa. Msimu wa pili shu zilikuwa na nguvu. Funza walikuja, wakala majani ya nje, shu zikaendelea kukua. Mmea wenye njaa unakufa kwa kidonda kidogo, mmea ulioshiba unapona, kama mtoto.

Utupa wenyewe sisemi tuung'oe. Ukipandwa mbali na maji, mizizi yake inarudisha rutuba katika udongo uliochoka, na matawi yanazuia mmomonyoko. Tuuache shambani ufanye kazi hiyo. Nisichotaka ni kuuona ndani ya bidoni.

Hadithi hii ingekuwa nzuri kama ingeishia hapo. Haikuishia hapo.

Baada ya mavuno ya msimu wa pili, mwenye shamba alikuja kuangalia. Aliona udongo mweusi, laini, uliokuwa umekauka kama tofali alipoutoa. Akasema: "Mama, asante, sasa shamba ninalihitaji mimi mwenyewe." Walikuwa wamepatana kwa bwasa, na ninyi wenyeji mnajua bwasa ilivyo: unalipa, unalima, unavuna, unatoka. Huruhusiwi kupanda mti, na hakuna anayekuhakikishia msimu unaofuata. Mwenye shamba hakuvunja mapatano yoyote. Mama alihamia kwenye kipande kingine, juu zaidi, cha udongo mwekundu wenye mawe.

Nilimtembelea huko. Shu zilikuwa ndogo, za manjano, zimejaa matundu. Nikamuuliza kama bado anakata tithonia. Akanijibu kwa upole, na jibu lake sijaweza kulisahau: "Bwana mwandishi, tithonia ni ya mtu atakayekuwa hapa mwaka kesho. Mimi nipe dawa inayofanya kazi kwa miezi minne."

Dawa hiyo anaijua. Inaota kando ya njia.

Hapa ndipo ninataka tuelewane, wenyeji na wahami. Mafunzo mengi tunayopewa yanatafuta mbadala wa chupa kwa chupa nyingine: mwaka huu utupa, mwaka kesho pilipili, mwaka unaofuata kitu kipya chenye jina gumu. Mbadala wa kweli ni udongo ulioshiba, mazao yanayozunguka na macho ya asubuhi. Lakini kulisha udongo kunahitaji muda, na kwa anayelima shamba la wengine, muda huo uko mkononi mwa mwenye shamba. Kwa nini mtu abebe fumbire kichwani kulisha ardhi atakayofukuzwa baada ya kuvuna? Anayejua ataondoka atanyunyiza kitu kikali, atavuna, na maji ya bidoni yataenda yanakokwenda. Kumhubiria kilimo cha asili mtu wa namna hiyo bila kugusa mkataba wake wa ardhi ni kumwambia mwenye njaa habari za sahani.

Babu zetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe tumewapa. Ardhi tumewapa ya miezi minne.

Ninawasikia wenye mashamba: "Nikimpa mhami miaka miwili, atasema ni lake." Hofu hii si upuuzi. Katika Kivu watu wameuana kwa sababu ya ardhi, na kila familia ina kesi yake. Mwenyeji naye ana watoto wanaokua na shamba lisilokua. Lakini hofu inatibiwa kwa karatasi na mashahidi. Ninapendekeza hivi: mapatano ya misimu minne, yaani miaka miwili, mbele ya chifu wa kijiji na mashahidi wa pande mbili, yakiandikwa wazi kwamba shamba ni la fulani na litarudi kwake tarehe fulani. Mpangaji hatapanda mti wala kahawa, kama bwasa inavyotaka. Lakini ataweka fumbire kila msimu, na hatatumia utupa wala tumbaku karibu na maji. Mwenye shamba akitaka kulichukua mapema, amrudishie mpangaji thamani ya kazi yake ya udongo, ipimwe na chifu pamoja na agronomu.

Nani anapata hasara? Mwenye shamba anarudishiwa ardhi bora kuliko aliyoitoa. Mhami anakula misimu minne. Mzee wa tilapia analala usingizi. Hata yule asiyewapenda wahami anakunywa maji ya mfereji huohuo.

Kwa mashirika yanayotoa mafunzo nina neno moja: mkija na mbegu na majembe, njooni pia na mapatano ya ardhi. Kikao kimoja kwa chifu kinaweza kuokoa mboga nyingi kuliko sanduku la chupa. Na familia zilizotoka Bushushu na Nyamukubi baada ya mafuriko ya Mei 2023 zisisahauliwe katika hesabu hii. Wao si wageni, ni wa Kalehe hii hii, lakini mashamba yao yamelala chini ya mawe, nao wanakodi kama wengine.

Kwa upande wetu wa redio, nimekubaliana na wenzangu juu ya jambo moja. Kila ushauri wa kilimo tutakaosoma utakuja na sehemu ya pili: mahali usipotumiwe, namna ya kujikinga, na maji ya kusuuza yamwagwe wapi. Kama mtoa mafunzo hajui sehemu ya pili, atarudi nyumbani akaisome kwanza. Na sentensi ile, "haina madhara", sitaisema tena juu ya kitu kinachoua.

Msimu A unakaribia. Kabla ya mvua za Septemba, anayetaka afanye mambo matatu. Akate tithonia sasa na kuifukia. Achimbe shimo la fumbire mbali na mfereji. Na wewe mwenye shamba unayesoma au unayesomewa maneno haya, mwite mpangaji wako, mkae chini, mzungumze juu ya misimu minne.

Yule mama bado yuko kule juu kwenye mawe. Nimemwahidi kwamba tutakwenda pamoja kwa mwenye shamba lake. Sijui atatujibu nini. Lakini safari hii sitaki niwe nimemletea bidoni.